Wagonjwa Walioshika Kalamu: Tarihi ya Uchoraji katika Nyumba za Wendawazimu

Katika nyumba ya wendawazimu ya Waldau, karibu na mji wa Bern huko Uswisi, palikuwa na mgonjwa mmoja jina lake Adolf Wölfli, ambaye kila Jumatatu asubuhi alipewa kalamu moja mpya ya risasi na karatasi mbili kubwa za kuchapia magazeti, na ilipofika Jumatano kalamu ile ilikuwa imekwisha, naye akabaki kutumia vipande alivyojiwekea akiba au kumwombaomba kila aliyepita mlangoni pake. Tabibu wake, Walter Morgenthaler, ambaye ndiye aliyeyaandika haya, asema kwamba mtu huyu aliweza kufanya kazi kwa vipande vya milimita tano hadi saba, na hata ncha zilizovunjika alizibana kwa ustadi baina ya kucha zake. Wölfli alizaliwa mwaka 1864, akakulia utumishini mashambani bila ya wazazi, akafungwa kwa makosa mazito aliyowatendea wasichana wadogo, na tangu mwaka 1895 hadi alipokufa mwaka 1930 hakutoka tena Waldau. Miaka yake ya mwanzo humo ilikuwa ya ghasia, mapigano na kufungiwa peke yake; kilichomtuliza, kwa ushahidi wa tabibu yule, ni kule kuinama juu ya karatasi. Aliacha nyuma yake kurasa zipatazo 25,000 za hadithi, noti za muziki na michoro, kazi ambayo leo huhifadhiwa mjini Bern kwa heshima waliyonyimwa watu wengi waliochora wakiwa wazima.

Nimemtanguliza Wölfli kwa makusudi. Wenye kuandika tarihi ya uchoraji kama faraja ya nafsi hupenda kuianza kwa matabibu, kwamba fulani alibuni, fulani akajaribu, fulani akaeneza, na msomaji hutoka akidhani kwamba rangi iliingia katika nyumba za wagonjwa kwa njia ile ile ya kwinini na sindano, yaani kwa amri ya mganga. Ukiyapekua mambo yenyewe waona kwamba wagonjwa walikuwa wakichora tangu zamani, kwa makaa, kwa masizi, kwa sindano na uzi, juu ya kuta na pindo za nguo, wala hapana aliyewaamrisha. Na sehemu kubwa ya sifa ya matabibu tunaowakumbuka leo ni kwamba waliacha kuwazuia, wakawapa karatasi, kisha wakawa na subira ya kutazama.

Si kwamba watu wa zamani hawakujua kuwa nafsi inayougua yataka zaidi ya mizizi na mitishamba. Sultani Bayezid wa Pili alipoijenga maristani yake, yaani nyumba ya wagonjwa, mjini Edirne, iliyomalizika mwaka 1488, aliijengea ukumbi wenye kuba na chemchemi katikati, na msafiri Evliya Çelebi, aliyepita huko katika karne ya 17, ameandika kwamba waimbaji watatu na wapigaji ala saba waliajiriwa kuwatumbuiza wagonjwa mara tatu kwa juma. Hilo lilikuwa jambo la hikima na la huruma, katika zama ambazo mataifa mengine yaliwafunga wenda wazimu wao kwa minyororo. Walakini muziki ule ulipigwa na wazima, na wagonjwa wakawa wasikilizaji. Hata huku pwani kwetu, mgonjwa anyweshwapo kombe, maandiko ya zafarani yaliyoandikwa katika sahani nyeupe kisha yakaoshwa kwa maji ya waridi, mwenye kushika kalamu ni mwalimu, na kazi ya mgonjwa ni kunywa. Kumwachia mgonjwa kalamu yenyewe, aandike au achore lililo lake, lijapokuwa halieleweki na lijapokuwa linatisha, ni jambo la namna nyingine, nalo lilichelewa sana kukubaliwa.

Katika Ulaya ya karne ya 19 walikuwapo wachache waliolikubali. Huko Dumfries katika nchi ya Scotland, tabibu W. A. F. Browne wa hospitali ya Crichton aliwahimiza wagonjwa wake kuchora na kupaka rangi, akakusanya kazi zao na kuzifunga katika majuzuu. Mjini London, katika nyumba mashuhuri ya Bethlem, alifungwa Richard Dadd, mchoraji aliyekwisha kupata jina, ambaye akili yake ilivurugika katika safari ya Misri na Shamu, na aliporejea akamwua baba yake mzazi mwaka 1843. Msimamizi wa nyumba ile alimtaka amchoree picha, na Dadd akaikalia picha moja kwa muda wa miaka tisa, toka 1855 hata 1864, picha ambayo kimo chake hakizidi sentimita 54, iliyojaa viumbe vidogo vya hadithi za kale, nyasi na maua, kila kimoja kimechorwa kana kwamba kingetazamwa kwa miwani ya kukuzia. Lakini matabibu wengi wa wakati ule waliotazama michoro ya wagonjwa waliitazama kama hakimu atazamavyo kisu kilicholetwa mahakamani. Cesare Lombroso wa Italia, mtu mwenye sauti kubwa katika elimu ya siku zake, alikusanya michoro na vinyago vya wenda wazimu na vya wafungwa akitafuta humo alama za kuporomoka kwa ubinadamu. Na mwenye kutafuta alama za namna hiyo hakosi kuziona.

Aliyeugeuza mtazamo huo ni Hans Prinzhorn, mtu wa mapito mengi, aliyesomea tarihi ya sanaa na kupata udaktari wake mwaka 1908, akajifunza uimbaji, kisha akasomea utabibu. Mwaka 1919 akapata kazi katika kliniki ya Heidelberg huko Ujerumani, na kwa idhini ya mkuu wake Karl Wilmanns akaandika barua kwa nyumba za wendawazimu za Ujerumani, Austria, Uswisi na Italia, akiomba kazi ambazo wagonjwa walizifanya kwa kujitakia wenyewe. Katika muda wa miaka miwili zikamfikia kazi zipatazo 5,000 za watu wapatao 450. Mlikuwamo koti la Agnes Richter, mshonaji, alilolishona kwa kitambaa cha hospitali na kulidarizi maneno ndani na nje hata yasisomeke vizuri. Mlikuwamo barua za mke mmoja aliyemwita mumewe mwaka 1909, neno moja la kumbembeleza aje likirudiwa juu ya jingine, mstari juu ya mstari, mpaka karatasi ikawa nguzo za wino mtupu. Na barua hizo hazikupelekwa. Kitabu cha Prinzhorn kilitoka mwaka 1922, na ndani yake hakujaribu kusoma maradhi katika michoro; alichojaribu kuonyesha ni kwamba katika kila mwanadamu mna shauku ya kutia alama, kupamba, kupanga na kupa sura, ambayo haifi hata pale ambapo mengine yote yamevunjika. Max Ernst alikichukua kitabu hicho Paris, na wachoraji wa huko wakakipokea kwa bidii kuliko matabibu.

Yaliyofuata Ujerumani yapasa kusemwa, ingawa kalamu huwa nzito. Prinzhorn alikufa mwaka 1933, mwaka ule ule ambao kina Hitler walishika serikali, na kliniki ya Heidelberg ikapewa mkuu mwingine, Carl Schneider. Mwaka 1937 serikali ilifungua mjini Munich maonyesho ya kuidhihaki sanaa mpya, na yalipohamishiwa miji mingine ikachukua baadhi ya michoro ya akiba ya Heidelberg ikaitundika kando ya kazi za wachoraji mashuhuri, ili watu waseme kwamba wachoraji hawa na wenda wazimu wale ni kitu kimoja. Kutoka kucheka picha hawakukawia kufikia wenye picha. Katika mwaka 1940 na 1941 wagonjwa wapatao 70,000 waliuawa kwa hewa ya sumu katika majumba yaliyotengwa kwa kazi hiyo, Schneider naye akiwa miongoni mwa matabibu waliotia sahihi. Na mmoja wa waliouawa ni Franz Karl Bühler, fundi wa nakshi za chuma aliyewahi kutunukiwa katika maonyesho makuu ya Chicago ya mwaka 1893, ambaye Prinzhorn alimweka miongoni mwa mabingwa kumi wa kitabu chake. Picha zake zimebaki.

Wakati huo huo, Uingereza, jambo hili lilikuwa likianza upya kwa njia ya upole na ya bahati. Adrian Hill alikuwa mchoraji aliyewahi kutumwa katika medani za Ufaransa mwaka 1917 kuchora vita vile kwa ajili ya makumbusho ya taifa lake. Mwaka 1938 akashikwa na kifua kikuu, akalazwa Midhurst katika jimbo la Sussex. Na kwa kuwa dawa ya streptomaisini ilikuwa haijagunduliwa, tiba ya maradhi hayo ilikuwa hewa safi na kulala chali miezi na miezi, hali ambayo huua moyo kabla ya kuua mapafu. Hill akachora vilivyokuwa karibu na kitanda chake, akajiona amepata nafuu ya roho, akaanza kuwafundisha wenzake, na vita vya pili vilipoleta majeruhi akawafundisha na wao, akaona kwamba askari aliyekataa kusema habari za aliyoyaona hakukataa kuyachora. Ndiye aliyeipa kazi hii jina ambalo Waingereza hulitumia hata leo, mwaka 1942, na mwaka 1945 akatoa kitabu juu yake. Alikuwa mtu mchangamfu, mwenye imani labda kubwa mno, aliyeamini kwamba kumtundikia mgonjwa picha nzuri ukutani nako ni sehemu ya tiba. Akashirikiana na Msalaba Mwekundu kuzungusha nakala za picha maarufu katika hospitali, na kuwapeleka wasemaji wa kuzieleza.

Mmoja wa wasemaji hao alikuwa Edward Adamson, mchoraji, aliyefika mwaka 1946 katika hospitali ya maradhi ya akili ya Netherne, kusini ya London. Akazungumza habari za wachoraji wakubwa mbele ya wagonjwa, na alipomaliza mmoja wao akamkabidhi kifurushi kidogo, naye alipokifungua akakuta michoro iliyochorwa juu ya karatasi za chooni, zile ngumu za siku hizo, kwa makaa ya njiti za kiberiti zilizoungua: wanyama, nyuso na watu waliosongamana. Yaani mhadhiri amekuja na nakala za picha za kukopesha ili awaletee wagonjwa sanaa, na wagonjwa wamempa sanaa waliyokuwa nayo tayari, wakiifanya kwa vitu ambavyo hospitali haikufikiri kuwanyang'anya. Sijui tukio jingine katika tarihi hii lenye hoja iliyo wazi kuliko hilo.

Mkuu wa Netherne, tabibu Eric Cunningham Dax, akamwajiri Adamson awe na chumba cha kuchorea. Dax alikuwa mtu wa utafiti, akaweka masharti: kila mgonjwa apate karatasi ya kipimo kimoja, rangi zile zile, kiti, meza na kiegemezo sawa na cha jirani yake, na Adamson asimfundishe mtu, asimsahihishe, asimpe maudhui, wala asiseme maana ya picha yoyote. Masharti haya yaliwekwa kwa faida ya matabibu, ili picha zitoke safi, zisiwe na athari ya mwalimu, wapate kulinganisha maradhi na maradhi. Natija yake ikawa nyingine. Humo hospitalini, ambamo mtu aliambiwa saa ya kuamka, ya kula, ya kuoga na ya kulala, na ambamo kila neno lake liliweza kuandikwa katika faili, pakawa na chumba kimoja chenye mtu mmoja mwenye staha, asiyeuliza, asiyekosoa, ambaye kazi yake ilikuwa kuchanganya rangi, kuandika tarehe nyuma ya karatasi na kuwapo. Adamson alidumu katika kazi hiyo hadi mwaka 1981, miaka 35, na hesabu ya kazi zilizopita mikononi mwake husemwa kuwa kiasi cha 100,000, ambazo zilizosalia hazifiki kumi katika mia.

Nyakati hizo zataka kukumbukwa zilivyokuwa, kwani vijana wa leo waweza kudhani kwamba chumba cha rangi kilikuwa pambo tu. Tiba za miaka ile zilikuwa za kutisha. Mgonjwa alidungwa insulini mpaka azimie. Alitiwa mshtuko wa umeme, uliovumbuliwa Roma mwaka 1938, mara nyingi bila ya ganzi. Na waliokuwa wakaidi zaidi walitobolewa fuvu wakakatwa nyuzi za sehemu ya mbele ya ubongo, upasuaji ambao mwasisi wake, Mreno Egas Moniz, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1949. Baadhi ya wagonjwa wa Netherne walitoka katika tiba za namna hiyo wakaingia chumbani mwa Adamson.

Humo pia alipita kijana kutoka Kanada, William Kurelek, mtoto wa wakulima wa asili ya Ukraine, aliyevuka bahari kutafuta tiba. Alikuwa amelazwa kwanza katika hospitali ya Maudsley mjini London, na huko mwaka 1953 alichora picha ya fuvu lake mwenyewe limepasuliwa wazi, ndani yake vyumba vya mzingo, kila chumba kina kisa cha udhalili wa utotoni, ubaridi wa baba, kejeli za shuleni, na katikati amelala panya aliyechoka kutafuta njia ya kutokea. Aliichora ili matabibu wamwelewe, akichelea kwamba kwa ulimi asingeweza. Kurelek aliipata nafuu yake, akarejea kwao, akawa mmoja wa wachoraji wapendwao zaidi wa Kanada. Lakini yeye mwenyewe aliihesabu dini kuwa ndiyo iliyomwokoa, akiwa amepokewa katika kanisa la Roma mwaka 1957, na si haki kumnyang'anya ushahidi wake ili tuongeze sifa za brashi.

Sasa nivuke Atlantiki, niende Rio de Janeiro, ambako mambo haya yalifika kina kirefu kuliko Uingereza. Nise da Silveira alizaliwa mwaka 1905 Maceió, kaskazini-mashariki ya Brazil, akahitimu utabibu Bahia mwaka 1926, mwanamke pekee katika darasa la wanaume 157. Mwaka 1936, katika zama za Getúlio Vargas, muuguzi mmoja alitoa habari kwamba bibi huyu ana vitabu vya Kikomunisti chumbani mwake, akafungwa gerezani kwa muda wa mwaka mmoja na nusu, na mwandishi Graciliano Ramos, mfungwa mwenziwe, amemtaja katika kumbukumbu zake za kifungo. Aliporudishwa kazini mwaka 1944, alipelekwa katika hospitali ya akili ya serikali iliyokuwa mtaa wa Engenho de Dentro, mbali na bahari na uzuri wa mji. Huko tabibu mwenziwe akataka kumfundisha mashine mpya ya umeme, akambonyezea mgonjwa wa kwanza kitufe, mgonjwa akatapatapa; alipoletwa wa pili, Nise akaambiwa abonyeze yeye, akakataa. Mtu aliyekwisha kuonja kufungwa hakuhitaji kufasiriwa alichokiona.

Kwa kuwa tiba zote za hospitali ile alizikataa, alipewa idara ambayo hapana tabibu aliyeitaka, ya kuwashughulisha wagonjwa kwa kazi za mikono, ambayo mpaka siku hizo maana yake ilikuwa kufagia na kusafisha. Akaanzisha vyumba vya ushonaji, vya kutia majalada ya vitabu, vya muziki. Na mwezi wa Septemba 1946 akafungua chumba cha uchoraji, akisaidiwa na Almir Mavignier, kijana wa miaka 21, mtumishi wa hospitali mwenye hamu ya kuwa mchoraji. Hawa wawili hawakuwa wamesikia habari za Netherne, na Netherne haikuwa imesikia habari zao. Katika Brazil kwenyewe, huko São Paulo, tabibu Osório César alikuwa ametoa kitabu juu ya michoro ya wagonjwa wake wa Juquery tangu mwaka 1929, kwa hiyo isidhaniwe kwamba Nise alianzia jangwani.

Waliokuja chumbani humo walikuwa watu ambao hospitali ilikuwa imekwisha kukata tamaa juu yao. Emygdio de Barros alikuwa fundi stadi wa karakana ya jeshi la majini, akapelekwa hata Ufaransa kwa masomo, na aliporejea akili ikamtoka. Alikuwa amekaa hospitalini miaka 23 karibu bila ya kusema alipoletwa mbele ya rangi, na picha alizozitoa, madirisha yenye bustani, karakana, viwanja vya mji vyenye mwanga wa ajabu, ziliwafanya wajuzi wa sanaa wamtaje pamoja na wachoraji wakubwa wa nchi ile. Carlos Pertuis alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha viatu. Asubuhi moja mwale wa jua ulipiga kioo kidogo chumbani mwake, akaona humo falaki nzima ya Mungu, akawaita jamaa zake waje waitazame, nao wakaona kioo tu, na jioni akapelekwa hospitalini. Adelina Gomes, binti wa mashamba, alikatazwa na mama yake kumpenda mtu aliyempenda. Akawa mkimya, siku moja akamnyonga paka wa nyumbani, akaletwa Engenho de Dentro akiwa na miaka 21. Katika udongo na rangi alifanya wanawake wakubwa wa kutisha, kisha, mwaka hata mwaka, wanawake wanaogeuka maua.

Ila anayenivuta zaidi ni Fernando Diniz. Alizaliwa Bahia mwaka 1918, mtoto wa mshonaji maskini mweusi, aliyemchukua Rio angali mdogo, wakaishi chumba kimoja katika nyumba iliyosongamana watu. Na mama alipokwenda kushona katika majumba ya matajiri, mwana alifuatana naye, akaketi pembeni kuyatazama mazulia, mapiano na mapazia ya watu. Akampenda binti wa nyumba mojawapo, akasoma kwa bidii apate kuwa mhandisi na kumstahili, mpaka alipopata habari kwamba ameolewa; akaacha masomo, akaacha yote. Mwaka 1944 alikamatwa akiogelea uchi pwani ya Copacabana, na mwaka 1949 alikuwa Engenho de Dentro, akitembea ameinamisha kichwa. Picha zake za kwanza zilikuwa vurugu ya vitu vilivyorundikana bila ya juu wala chini. Kisha ukatokea ubao wa sakafu. Baadaye, katika picha nyingine, meza juu ya sakafu ile. Halafu kiti, dirisha, pazia, chombo cha matunda, piano. Mpaka, baada ya mfululizo mrefu, sebule nzima ikasimama mahali pake, sebule ya nyumba ya matajiri, na ndani yake hamna mtu aliyemzuia kuingia. Nise aliufuatia mfululizo ule karatasi kwa karatasi, akaona humo mtu anayejijengea upya nafasi ya kusimama katika ulimwengu. Picha moja ya Diniz ukiipewa peke yake waiona nzuri; ukizitandaza kwa tarehe zake ndipo waona kazi iliyokuwa ikifanyika.

Kazi hizi ziliwekwa mbele ya watu mara ya kwanza mwaka 1947, na mwaka 1949 wachoraji tisa wa Engenho de Dentro wakaonyeshwa katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya São Paulo. Hapo ukazuka ugomvi magazetini. Mhakiki Mário Pedrosa alishikilia kwamba hii ni sanaa kamili. Mwenziwe Quirino Campofiorito akashikilia kwamba asiye na akili timamu hawezi kutoa kazi ya sanaa, kwa kuwa hana makusudio. Nise hakuingia humo. Urembo aliwaachia wahakiki. Yeye alisema kwamba picha kwake ni usemi wa mtu ambaye usemi mwingine umemkatikia. Na hata usemi huo haukumlinda mwenyewe: Lúcio Noeman, mchongaji mwenye nguvu aliyefinyanga mashujaa wa kumkinga na maovu, alipasuliwa ubongo kwa uamuzi wa matabibu wengine, Nise akipinga, na vinyago alivyofanya baada ya hapo ni kama vya mtoto asiyejua udongo. Nise alichapisha picha za kabla na za baada, upande kwa upande.

Tarehe 20 Mei 1952 alifungua ndani ya hospitali ile makumbusho ya taswira hizo. Mwaka huo huo, mjini Paris, katika hospitali ya Sainte-Anne, ambayo miaka miwili kabla ilikuwa imekusanya maonyesho makubwa ya michoro ya wagonjwa wa mataifa mengi, zikiwamo kazi kutoka Brazil, matabibu Delay na Deniker walianza kuwapa wagonjwa wao klorpromazini, dawa ya kwanza iliyotuliza wazimu bila ya kumzimisha mtu. Na tangu hapo fedha na hamu za matabibu zikaelekea kwenye vidonge. Mimi sitawalaumu. Waliotolewa minyororo na vidonge ni wengi kuliko waliotolewa na rangi, na mwenye ndugu aliyepona kwa vidonge hatahitaji kuhubiriwa.

Mwaka 1954 Nise alimwandikia Jung, bingwa wa elimu ya nafsi huko Uswisi, akimpelekea picha za duara nyingi zilizokuwa zikichorwa na watu waliosambaratika ndani, akiuliza kama ndizo mandala, zile duara za ibada za Mashariki, na jibu likawa ndizo. Mwaka 1957 Jung akayafungua mwenyewe maonyesho ya kazi za Engenho de Dentro mjini Zürich; na kwa simulizi ya Nise, baada ya kuzitazama sana picha zile alitaka kujua zilichorwa katika mazingira gani, kwani ilimwonekea kwamba waliozichora walizungukwa na watu wenye mapenzi wasioogopa yaliyomo nafsini. Swali hilo lanipendeza kuliko tafsiri zote za duara na maua ambazo wanafunzi wa Jung wamezirundika tangu siku hiyo. Kwa maana nyingine, na bila ya kujua, alikuwa akiuliza habari za Mavignier, na za Adamson na tarehe zake nyuma ya karatasi, na za yule mtumishi wa Waldau aliyeleta kalamu za Jumatatu.

Limebaki suala la majina, ambalo laonekana dogo kumbe si dogo. Hospitali nyingi zilificha majina ya wachoraji wake kwa kusema zinawasitiri, na Prinzhorn mwenyewe aliwapa mabingwa wake majina ya bandia, ilhali Morgenthaler, mwaka 1921, aliandika kitabu kizima juu ya Wölfli kwa jina lake halisi. Sitara ni jambo jema kwa anayeitaka. Kwa aliyekwisha kupoteza nyumba, kazi, mavazi yake na nywele zake, kuondolewa jina chini ya picha aliyoichora mwenyewe ni kumalizwa. Engenho de Dentro walitaja majina, wakayaandika ukutani, na ndiyo maana nimeweza kuwataja hapa.

Diniz hakutoka kuwa mhandisi, wala hakuoa, wala hakuishi katika sebule aliyoijenga. Alichora kwa miaka hamsini, kazi zipatazo 30,000 kwa kadirio la makumbusho, akafa mwezi wa Machi 1999; Nise akamfuata Oktoba ya mwaka ule ule, akiwa na umri wa miaka 94. Akiba ya makumbusho ile imepita kazi 350,000. Haziuzwi, maana Nise aliona kwamba ukimtoa mchoraji picha moja ukampa mnunuzi umeikata sentensi katikati. Huwekwa kwa jina la kila mtu na kwa mfuatano wa tarehe, na vyumba vya kuchorea vingali wazi kwa wagonjwa wanaokuja na kurudi makwao jioni.